Pazia Hakusimama

Mwalimu Chaki alibandikwa jina hilo kwa sababu, hata shule ilipoletewa vishikwambi na projekta, hakuacha kutembea na kipande cha chaki mkononi. Siku moja katika chumba cha walimu alikorogea chai kipande hicho, akainywa mpaka mwisho ili wasimcheke. Alikuwa na ulimi mkali na moyo mwepesi, na watoto wa darasa la tano walishajua ulimi ukiwaka, moyo utalainika muda si mrefu.

Hesabu ziliwatoa jasho watoto hao hadi alipowaletea mchezo. Swali lilitokea ukutani, kila mtoto akajibu kwenye kishikwambi chake, aliyewahi na kupatia akapanda juu. Jina halisi lilikuwa marufuku, na katika hilo mwalimu alikuwa sahihi kabisa. Kila mmoja alijichagulia jina la kitu cha nyumbani. Palikuwa na Sufuria, Ufagio, Mwiko, Kijiko, na mtundu mmoja aliyejiita Ndoo Iliyotoboka. Kabla ya swali la kwanza majina yalijitokeza ukutani moja moja, mwenye jina akasimama na kusema "Nipo," na wenzake wakampigia makofi. Walioipenda zaidi desturi hiyo ni wale ambao hawakuwahi kupigiwa makofi kwa jambo jingine lolote.

Ijumaa moja ukutani likatokea jina Pazia, na hakusimama mtu.

"Pazia ni nani?" mwalimu aliuliza.

Watoto wakatazamana. Umeme ulikuwa umeshamlia nusu ya kipindi, na subira yake ilikuwa imebaki kidogo mno. Akajiambia kuna mtoto ameingia mara mbili kwa bahati mbaya.

"Haya, Pazia ana haya. Mpigieni makofi, atazoea."

Darasa zima likacheka, makofi yakarindima, mchezo ukaanza. Tangu hapo Pazia alikuja kila Ijumaa. Hakusimama hata mara moja, na akawa ndiye anayepigiwa makofi mengi kuliko wote. Mwalimu naye alicheka pamoja nao.

Sasa ilikuwa Ijumaa nyingine, kengele ya kwenda nyumbani imeshalia, naye yuko peke yake darasani akikusanya vishikwambi. Cha Kijiko kilikuwa bado kinawaka. Kijiko alikuwa binti mdogo, mpole, asiyependa kusumbua mtu. Chini ya kioo palikuwa na alama nyekundu. Mwalimu akaigusa, akifikiri ni swali lililosahaulika.

"Mama akichelewa kazini unakaa na nani?" Pazia alikuwa ameandika.

"Peke yangu."

"Mwalimu amekukaripia tena?"

"Ndiyo. Usimwambie."

"Simwambii. Leo tokea geti la nyuma. Nimekuletea kishikwambi chako mwenyewe. Iwe siri yetu."

"Sawa."

Mwalimu Chaki alisoma tena kuanzia juu. Sehemu ya kuandikiana ujumbe! Siku ya mafunzo fundi aliwaambia walimu waizime kabla ya jambo lolote, naye akasema ataizima kesho. Na huyu mtu aliingiaje? Jibu lilimjia kabla hajamaliza kujiuliza, na lilimtia hofu kuliko swali. Kila wiki alikuwa akiweka picha kwenye ukurasa wake, ambao yeyote aliweza kuuona: watoto wameinua mikono, sweta zenye jina la shule, na nyuma yao ukutani namba ya kuingilia mchezoni ikisomeka vizuri. Namba ilikuwa ile ile muhula mzima, maana kubadilisha aliona usumbufu. Na chini ya picha aliandika kwa fahari, "Kila Ijumaa baada ya mapumziko, hesabu kwa raha." Alikuwa amemkaribisha mtu huyo kwa mkono wake mwenyewe.

Akatoka mbio. Kwenye korido alimpamia mlinzi.

"Umemwona Kijiko?"

"Kijiko gani, mwalimu? Cha jikoni?"

Alifungua mdomo ataje jina halisi la mtoto, halikuja. Alilisoma kila asubuhi akiita mahudhurio, na sasa lilikuwa limemtoka kichwani kabisa kwa woga. "Geti la nyuma," akasema, "nifuate," na kuendelea kukimbia, kiatu kimoja kikabaki njiani.

Geti la nyuma lilifunguliwa kwa ajili ya gari la takataka tu, lakini komeo lake hata mtoto aliliweza. Kijiko alikuwa nje, begi mgongoni. Mbele yake alisimama mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, mfuko wa dukani mkononi. Alikuwa ameshamshika mtoto bega.

"Shikamoo, mwalimu," mtu yule alisema kwa utulivu. "Mimi mjomba wake. Nimekuja kumchukua."

Mwalimu akaja kusimama karibu na mtoto.

"Marahaba. Mjomba, mtoto wako anaitwa nani?"

"Kijiko."

"Nyumbani. Anaitwa nani nyumbani?"

Mtu yule aliendelea kutabasamu, ila mkono ukaondoka begani. Alimtazama mlinzi aliyekuwa anakuja na rungu lake, akauweka mfuko chini taratibu, akakata kona. Mlinzi alimfukuza hadi barabarani, akarudi mikono mitupu. Ndani ya mfuko hamkuwa na kishikwambi chochote. Mlikuwa na magazeti yaliyokunjwa na gauni jipya la kipimo cha mtoto.

Polisi waliitwa. Mama wa Kijiko alifika ofisini kwa mwalimu mkuu bado amevaa aproni ya kazini, akamkumbatia binti yake, kisha akamshika mashavu na kumtazama machoni. Mwalimu Chaki alisimama karibu na mlango, mguu mmoja peku, akitafuta aanzie wapi kusema.

"Mwanangu," mama aliuliza, "mara ngapi nimekwambia usimfuate mtu usiyemjua?"

"Namjua, mama," Kijiko alijibu. "Ni Pazia, wa darasani kwetu. Mwalimu alisema ana haya tu, tumpigie makofi."