Zulia Lenye Dawa

Ghati wa Nyamisangura alikuwa fundi cherehani wa kupima watu kwa ndani. Ukimpelekea gauni alirekebishe, hahangaiki na maua wala lesi. Huligeuza kwanza, akakagua bitana, na hapo hapo anajua fundi wa mwanzo alikuwa mtu wa namna gani. Alisema nguo ikikutesa, inakutesa kwa ndani. Majirani walimcheka kwa hilo, maana hata akienda ugenini hakai kitandani mpaka ainue shuka aone ilichoficha. Wacheke tu. Ghati alikuwa sahihi, na hilo ndilo linalouma katika habari hii.

Simbilisi waliingia kwake kwa ajili ya Lilian, binti yake wa pekee, mwenye miaka mitano, aliyempata baada ya miaka tisa ya ndoa na maneno mengi ya upande wa wakwe. Mtoto wa kusubiriwa hivyo haambiwi hapana kirahisi. Jirani yao Felistas alirudi kutoka kwa dada yake ng'ambo ya mpaka wa Sirari na simbilisi wawili kwenye kikapu, mmoja mweupe na mmoja wa madoa ya kahawia. Lilian akawakumbatia siku ile ile, na baada ya miezi michache wakawa watano.

Nje hawakukalika. Paka wa mtaa walishaanza kuzunguka, kwa hiyo Ghati akamwagiza Kisyeri, seremala wa kona, atengeneze kizimba cha mbao chenye wavu wa kuku. Kikawekwa ndani, chumbani kwa Lilian, miguuni pa godoro lake. Na hapo ndipo yule mama wa bitana alipoanza kujiuliza wanyama wale watalalia nini.

Saruji tupu ilikuwa baridi, na mikojo ikituama wanachubuka nyayo. Akaweka majani makavu. Mvua zikaanza, majani yakaota ukungu na kuzaa viroboto. Akachukua maranda kwa Kisyeri, gunia zima, laini, yakinukia mbao. Simbilisi wakapiga chafya, Lilian naye akapiga chafya, na viroboto wakafurahi makao mapya. Pumba za mpunga zikawachoma macho. Akajaribu mabaki ya vitenge kutoka chini ya cherehani yake mwenyewe. Wakatafuna, na uzi mmoja ukamzonga mweupe mguuni mpaka mguu ukavimba. Felistas, aliyekuwa akisimama mlangoni kila jioni kutazama maonyesho hayo, alimwambia wazi kwamba hata yeye hajawahi kutandikiwa hivyo na mume wake.

Ghati alicheka, lakini viroboto walimkosesha raha. Lilian alikuwa na vipele mgongoni. Kikulacho ki nguoni mwako, alisema, akizikung'uta shuka za mtoto uani.

Mumewe Joel alikuwa mtu wa mwalo wa dhahabu. Alifanya kazi upande wa Kemambo, kwa tajiri mmoja mwenye mbao za kuoshea mchanga wa dhahabu. Mbao hizo hutandikwa mazulia. Maji hupita juu yake, mchanga huondoka, dhahabu hubaki kwenye manyoya. Joel alirudi nyumbani mara moja kila miezi miwili, mchovu, mwenye haraka. Siku moja asubuhi alishusha kutoka kwenye bodaboda kiroba chenye zulia kuukuu lililokunjwa, akakisukuma chini ya upenu, na kabla pikipiki haijageuka akasema kwa sauti ya mtu anayeondoka:

"Mama Lilian, hilo zulia usilifue. Lina dawa."

Akaenda zake. Maneno manne matano, na kila moja la kweli.

Sasa fikiri mwenyewe. Kliniki, wakati wa mimba ya Lilian, nesi alimpa Ghati chandarua na kumwambia maneno hayo hayo: usikifue ovyo, kina dawa. Neno hilo lilishakaa kichwani mwake miaka mitano, na kazi ya dawa hiyo ni kuua wadudu. Mtu husikia kwa sikio la shida yake. Ghati aliona mumewe, ambaye siku zote hujifanya hasikilizi habari za viroboto, kumbe alisikia, na amemletea kitu cha kutandika. Alifurahi kama msichana. Hata alimsifu kwa Felistas.

Akalikung'uta mchanga kidogo tu, asije akaiondoa dawa. Akalikata katikati kwa mkasi wake mkubwa wa kazi, akazipinda kingo kwa mkanda wa pamba ili nyuzi zisimsumbue mnyama tena. Nusu ilienea kwenye kizimba utadhani ilipimiwa. Nusu ya pili aliitandika chini ya godoro la Lilian na kuiacha ijitokeze pembeni, pale mtoto anapokaa kucheza, kwa sababu saruji ya Tarime msimu wa mvua si ya kuchezewa. Na viroboto kweli wakapungua.

Wiki ya nne simbilisi mweupe alianza kutetemeka. Alikaa kona ya kizimba, kichwa kikitikisika, miguu ya nyuma ikikataa kumbeba. Siku ya tatu akafa. Wakamzika nyuma ya choo, Lilian akalia mpaka akalala. Felistas alisema jambo hilo si la bure, kuna jicho limeingia nyumba hii. Ghati hakutaka habari za macho ya watu. Alibadilisha majani ya kulisha, akabadilisha chombo cha maji, akaacha kuokota majani karibu na barabara. Alibadilisha kila kitu isipokuwa zulia. Zulia lilikuwa na dawa.

Akafa wa madoa. Baada ya siku sita akafa mmoja wa watoto wake.

Lilian naye alibadilika. Mtoto aliyekuwa akiimba akifagia akawa wa kununa, hataki kushikwa, jasho likimtoka hata asubuhi ya baridi. Viganja vyake vikawa vyekundu na kubanduka ngozi. Ghati alilaumu sabuni ya unga, akamkataza kugusa maji ya kufulia. Siku moja mtoto akamwambia kwamba ana shanga zinazokimbia, ukizigusa zinagawanyika, halafu zinarudiana. Ghati alikuwa na sare za shule za kumalizia. Akamwambia asizoee kutunga uongo.

Moyo wake ulikuwa na hofu, na alijua una hofu, ila hakujua iwekwe wapi. Mwishowe akaamua kwamba dawa imechoka, ndiyo maana wanyama wanakufa. Akafunga dirisha la chumba kile, lililokuwa moja tu, ili iliyobaki isipotee na upepo. Kila jioni alilisukuma kwa nguvu mpaka libane.

Joel alirudi Jumamosi mchana, na dumu dogo la mafuta ya taa na karai kuukuu. Alikwenda moja kwa moja chini ya upenu, akainama, akainuka.

"Mama Lilian, lile zulia liko wapi? Nataka kulichoma nitoe kilichobaki."

Ghati alikuwa kwenye cherehani barazani. Alimwambia kwa tabasamu kwamba hilo halichomwi, limewasaidia sana, liko ndani.

"Ndani wapi?"

"Kwa Lilian. Nusu kwa simbilisi, nusu chini ya godoro lake. Si wewe ulisema lina dawa?"

Joel aliweka karai chini polepole, asitake litoe sauti. "Ghati," akasema, na ilikuwa miaka tangu amwite kwa jina. "Dawa ya dhahabu. Zebaki. Tajiri wetu huimwaga juu ya mazulia ishike dhahabu."

Zebaki Ghati aliijua. Mabwana afya walishafika mtaani na vipaza sauti, wakisema ni sumu, isikae nyumbani, isiguswe na watoto. Lakini mwaloni hakuna anayesema zebaki. Wanasema lete dawa, ongeza dawa, dawa imekwisha, na Joel aliliacha neno lile nyumbani kwake kama alivyokiacha kiroba, bila kufikiri.

Alikimbia chumbani, akaliinua godoro, akaligeuza zulia kama alivyogeuza nguo za watu maisha yake yote. Kwenye nyufa za saruji vitone vilimeta, vidogo kama punje za ulezi, vikakimbilia ukutani. Kwenye kizimba simbilisi wawili waliobaki walikuwa wamelala ubavu.

Lilian alikuwa nyuma yake, ameshika kifuniko cha soda kwa mikono miwili. "Ndizo hizi shanga zangu, mama," akasema. "Nimeziokota zote."

Zilikuwa zikitetemeka ndani ya kifuniko, na Ghati alipoishika mikono ya mwanawe ili zisimwagike, ndipo alipojua kinachotetemeka ni mikono. Joel alikitwaa kile kifuniko. Ghati alimbeba mtoto nje vile alivyo, bila viatu, hata mlango hakurudishia.

Hospitali, nesi kijana alikuwa akiandika bila kuinua kichwa. Jina. Umri. Wanakaa wapi. Tatizo limeanza lini. Halafu akauliza lile swali wanalomuuliza kila mzazi:

"Kuna dawa yoyote mtoto ametumia nyumbani?"

Lilian alikuwa amelala begani kwa mama yake, jasho likimtiririka shingoni.

"Ametumia," Ghati akasema. "Wiki tisa. Mimi ndiye niliyemtandikia."