Lebo za Gumato

Gumato Duba alinusa nguo kabla ya kuitazama. Ukimpelekea suruali iliyochanika goti, kwanza ataiinua hadi puani, atakunja uso, kisha atakuuliza kama kwenu sabuni imekwisha. Watu wa mtaa wa Wabera walimzoea. Walijua kwamba mjane huyu mwenye cherehani ya kukanyaga, pale kwenye baraza la duka la sukari na majani ya chai, ana mdomo mchungu, na walijua pia kwamba mshono wake haufumuki. Hayo mawili yalikwenda pamoja, na hakuna aliyethubutu kumwomba apunguze moja.

Ushonaji aliuingia baada ya mifugo kuisha. Vurugu za miaka ya sitini zilipowamalizia ng'ombe, yeye na mumewe waliingia Isiolo mjini na mtoto mmoja, Umuro, na sufuria mbili. Mume hakudumu. Mke wa Mhindi mmoja mwenye duka ndiye aliyemfundisha kukata kitambaa, na kufikia mwaka wa sabini na mbili Gumato alikuwa na cherehani yake mwenyewe, na makasi ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuyakatia karatasi. Umuro alipokuwa mtu mzima alishika usukani wa lori la ng'ombe la kwenda Nairobi, akaoa msichana aliyeitwa Sadia, akamwacha mke kwa mama yake na kurudi barabarani.

Kazi kubwa ya Gumato ilikuwa Idi. Desturi ya mji ilikuwa kwamba kila nyumba inachagua kitambaa kimoja, inanunua jora zima au nusu, na watoto wote wa nyumba hiyo wanashonewa humo. Wasichana gauni, wavulana shati, na kipande kinachobaki bibi anajifunga kichwani. Mfungo ukifika katikati, baraza lilijaa pamba ya viwanda vya Thika na Kisumu, na Gumato hakuinua kichwa mpaka mwezi uandame.

Haikuwa urembo tu. Siku ya Idi uwanja wa sala ulifurika watu kutoka Kinna, Garba Tula, hadi Merti, na watoto walipotea humo kila mwaka. Mtu akiokota mtoto analia hakuhangaika kumuuliza jina la baba, maana mtoto wa miaka mitatu baba yake anaitwa Baba. Alimshika mkono akampeleka kwa Gumato. Gumato alitupia jicho kitambaa, akasema huyu ni wa nyumba fulani, nyuma ya msikiti, mama yake ana pengo. Hakuwahi kukosea. Jambo hilo alijivunia kuliko mshono wenyewe, na kila mwaka alitafuta njia ya kulitaja huku akijifanya halitaji.

Mwaka wa themanini na nne mvua ilikataa kabisa. Malori ya msaada yaliyoleta mahindi ya njano yakaleta na mabunda ya nguo. Hapo Gumato alinyamaza, kwa sababu mtu aliyepoteza kila mnyama wake humpangii avae nini. Lakini njaa ilipita na mabunda hayakupita. Jirani yake Dahir, ambaye zamani aliuza chumvi na tumbaku, akaanza kuyapata kwa njia zake, akayafungua juu ya turubai karibu na soko, na watu wakayainamia kama kuku. Wazee waliziita nguo hizo kafa Ulaya, wakiamini kwamba Mzungu akishazikwa nguo zake zinafungwa na kuletwa huku.

Gumato alikwenda mara moja kuona. Harufu ilimpokea kabla hajafika: dawa ya nondo, jasho la zamani, na kitu kama maziwa yaliyooza. Alishika blauzi, akakuta duara la njano kwapani. Alishika kitu kingine, akakiinua, na kumbe ameinua suruali ya ndani ya mwanamke asiyemjua, mbele ya wanaume waliokaa wakitafuna miraa. Alirudi nyumbani akanawa mikono kwa sabuni, akanawa tena kwa majivu, na siku hiyo hakula.

Ila si uchafu uliomkera zaidi. Uchafu unafuliwa. Aliyekuja kumtibua nyongo ni yule mteja wa kwanza aliyeleta gauni la Dahir lipunguzwe kiuno. Gumato aliligeuza ndani nje akaona mshono mrefu wa uzi mmoja, haukufungwa mwisho, na pindo jembamba kama ukucha. Kitambaa kilikuwa chepesi hata vidole vilionekana. Na gauni lenyewe lilikuwa jipya. Halikuvaliwa hata mara tano. Lilishonwa na mtu aliyejua litatupwa, likanunuliwa na mtu aliyejua atalitupa, na sasa limefika Isiolo kutafuta mtu wa kulivaa. Gumato alilitazama kwa chuki ambayo wengine huiweka kwa wezi wa mifugo.

Akalipunguza kiuno. Angefanya nini? Idi ya themanini na tano majora yaliyoletwa barazani yalikuwa manne tu, na cherehani isiyolia haipiki. Ila alijiwekea sharti moja. Kila nguo ya Dahir iliyopita mikononi mwake aliing'oa lebo ya shingoni, akaitia kwenye kopo tupu la mafuta ya kupikia. Lebo zilikuwa za kila namna mwanzoni. Baadaye akaona moja inarudi na kurudi, nyeupe yenye herufi nyekundu. Mwaka wa kwanza alizipata chache. Mwaka uliofuata nusu ya kopo ilikuwa ni hiyo hiyo.

Mwalimu Kaimenyi, Mmeru aliyefundisha shule ya msingi na kuleta kaptura zake kutiwa viraka, ndiye aliyemsomea. Alisema ni jina la duka. Gumato akauliza duka gani linaloweza kushona nguo zote hizi. Mwalimu akaeleza alivyosoma kwenye gazeti: lilianza mlango mmoja tu, sasa lina milango katika kila mji mkubwa huko kwao, na kila majuma machache linatoa mtindo mpya ili aliyenunua ule wa juzi aone haya kuuvaa. Jina lenyewe mwalimu alilitamka, na Gumato hakulirudia, nami sina haja ya kulichafulia karatasi hapa. Gumato alitema mate kando ya baraza, akafunga kopo.

Sasa tufike Idi ya themanini na sita. Umuro na Sadia walikuwa na binti wa miaka minne, Kabale, mjukuu wa kwanza wa Gumato. Kwa ajili yake bibi alichagua kitambaa cha kijani chenye maua meupe, akamshonea gauni lenye marinda matatu na pindo la kutosha kuteremshwa miaka miwili mbele. Alfajiri ya Idi alimwacha mtoto na mama yake wakijiandaa, akatangulia uwanjani kushika nafasi kwa wanawake.

Sadia alikuwa na wazo lake. Kwa siri alikuwa amenunua kwa Dahir koti jekundu lenye kofia ya manyoya, koti la kuvaliwa kwenye theluji. Wanawake wa rika lake wote walikuwa wamewatafutia watoto kitu cha Ulaya, na ile sare ya kijani ilimtia aibu. Alimvua mtoto gauni, akalificha sandukuni, akamvalisha koti juu ya shimizi, akafunga zipu hadi kidevuni katika joto la Isiolo. Alipanga kumrudishia gauni kabla bibi hajamwona. Kisha wakaingia kwenye umati, Sadia akaachia mkono kidogo tu ili atandike mkeka, na alipogeuka Kabale hakuwepo.

Sala ilipokwisha alimwendea mama mkwe, akasema mtoto amepotea. Kuhusu koti hakusema. Alimwogopa Gumato kuliko alivyoogopa uwanja wote ule, na kila dakika aliyokaa kimya ilifanya inayofuata kuwa ngumu zaidi. Gumato hakushtuka sana. Watoto hupotea, na watoto huletwa kwake. Akatuma habari kwenye kipaza sauti cha msikiti: msichana wa miaka minne, gauni la kijani, maua meupe. Mji mzima ukaanza kutafuta kijani. Sadia akazunguka peke yake upande mwingine, akitafuta nyekundu bila kumwambia mtu.

Karibu na adhuhuri mwanamke mmoja muuza maziwa alimfuata Gumato pale aliposimama.

"Salaam aleikum, mama Umuro. Huko kwa malori kuna katoto kanalia sana. Kamevaa koti nyekundu, kofia imefunika uso."

Gumato hata hakugeuza shingo. "Huyo si wetu," alisema. "Sisi hatuvai vitu ya wafu. Wetu amevaa kijani."

Muuza maziwa akaenda zake. Ni baada ya alasiri, waliotafuta kijani walipokuwa wamechoka na uwanja umebaki vumbi na maganda ya ndizi, ndipo Sadia alipopiga magoti mbele yake.

"Mama, si kijani. Nilimvalisha koti ya Dahir. Nyekundu."

Gumato alikimbia kwenye malori, mwanamke mzito wa miaka hamsini, viatu mkononi. Lori la Merti lilikuwa limeondoka. Waliobaki walisimulia kwa urahisi kabisa. Mama mmoja wa Merti alimwona mtoto mwenye koti, na kule kwao makoti kama hayo yaligawiwa kwa watoto wengi wa njaa, basi akajua ni wa mmoja wa wasafiri wenzake, akampandisha juu asije akaachwa. Mtoto aliulizwa anamtaka nani akasema Akko, na bibi wa kila mtoto wa Kiborana ni Akko.

Siku mbili nyumba ile haikupika. Polisi walipeleka habari kwa redio, jibu likaja kwamba lori lilipofika Merti kila mtu aliteremsha wake, na alibaki mmoja. Sadia alilia mfululizo. Alitarajia kufukuzwa, na majirani nao walitarajia, wengine hata walisogea karibu na ua ili wasikose. Gumato alimwambia maneno machache tu.

"Wewe umeficha nguo. Mimi nimemkana mtoto kwa mdomo wangu."

Kabale alirudishwa siku ya tatu juu ya lori la mbuzi, mzima, amechubuka goti, koti limetapakaa kinyesi. Gumato alimvua pale pale barabarani. Akaligeuza lile koti ndani nje, na shingoni ilikuwa ile lebo, nyeupe, herufi nyekundu. Akainama kando ya gurudumu akatapika. Sijui alikuwa anatapika duka lile au maneno yake mwenyewe, na nadhani hata yeye hakujua.

Toka hapo akaanzisha jambo. Aliyeleta nguo ya Dahir kupunguzwa kwa ajili ya mtoto alitakiwa aseme kitambaa cha zamani cha nyumba yao ni kipi. Gumato alikuwa amehifadhi vipande vya karibu kila nyumba, miaka kumi na minne ya vipande. Alikata ukanda wa kidole kimoja, akaushona ndani ya pindo kwa mishono midogo miwili miwili. Mtoto akiokotwa, geuza pindo. Watu walicheka kwanza, kisha wakakumbuka lori la Merti, wakaacha kucheka. Lebo aliendelea kuzing'oa. Kopo la kwanza lilijaa, la pili likajaa, na la tatu lilikuwa karibu zote za duka moja.

Kabale hakuvalishwa tena kitu cha Dahir. Idi ya themanini na nane alikuwa na miaka sita, darasa la kwanza, na bibi alimshonea gauni la zambarau lenye kola, pengine kazi nzuri kuliko zote alizowahi kushona. Siku moja kabla ya Idi mtoto alilileta barazani, limekunjwa vizuri, akalaza kola kwenye meza ya cherehani.

"Akko, niwekee ile jina hapa nyuma. Ile nyekundu."

Gumato akauliza ya nini. Mtoto akaeleza kwamba shuleni wenzake wanageuziana kola kuangalia jina, na wakigeuza yake hawaoni kitu, halafu wanasema gauni lake limetoka kwa maskini.

Gumato alimtazama Sadia aliyesimama nyuma, na Sadia akatikisa kichwa, si yeye aliyemtuma. Angeweza kukataa. Ila alikuwa amemkataa mtoto huyu mara moja, kwa sababu ya nguo hizo hizo, na hakuwa na nguvu ya mara ya pili. Akafungua kopo, na kwa kidole gumba na kidole cha shahada, kama mtu anayeokota mende, akatoa lebo moja. Akaishona kwa mshono wa duka lile lenyewe, mrefu, uzi mmoja, bila kuufunga mwisho, ili iote miguu mapema. Mshono huo ulimchukua muda mfupi kuliko kutunga uzi kwenye sindano, na jambo hilo lilimkera mpaka akalala nalo.

Ilianguka kabla ya hotuba ya Idi kwisha. Kabale alimjia mbio kati ya mikeka ya wanawake, machozi hadi kidevuni, ameshika kola tupu.

"Akko, umeshona vibaya."

Wanawake walio karibu wakageuka. Katika miaka kumi na sita hakuna mtu aliyewahi kumwambia Gumato Duba maneno hayo. Alimpangusa mtoto uso kwa ncha ya leso yake, akamshika mkono, wakaondoka uwanjani kabla ya wengine, wakaenda barazani. Akafungua kopo, akachagua lebo nyingine, na safari hii akaishona kwa mshono wake.