Mwalimu anayewatayarisha watoto kumwona bibi wa miaka elfu tatu

Mapazia yamefungwa, taa imezimwa, na katikati ya darasa la chekechea kuna boksi la friji lililolazwa sakafuni. Ndani yake amejinyoosha msichana wa miaka mitano, kafungwa vipande vya shuka kuukuu kuanzia vidole vya miguu hadi shingoni. Anajikaza asicheke. Wenzake wamepiga magoti kulizunguka boksi, na mwalimu wao, mwanamke mrefu mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, naye kapiga magoti katikati yao.

"Ndani ya boksi kuna nani?" anauliza kwa sauti ya chini.

"Mtu," wanajibu.

"Amelala?"

"Hapana, mwalimu. Amekufa."

"Tunamwogopa?"

Hapo majibu yanagongana. Wengi wanasema hapana, mmoja anasema kidogo tu. Kisha mvulana wa nyuma anainua mkono, uso umemvimba kwa uchungu. "Mwalimu, huyu alikuwa maiti jana. Mimi sijawa maiti hata mara moja."

"Zamu yako baada ya mapumziko," mwalimu anamwahidi, na mvulana anaridhika.

Maandalizi haya yana sababu. Makumbusho ya mji yamepokea maonyesho ya Misri ya kale, na katika chumba cha mwisho, chenye mwanga hafifu, kuna mumia wa mwanamke mzee. Ni mwili halisi uliokaushwa, ukafungwa vitambaa na kuhifadhiwa kwa takriban miaka elfu tatu. Watoto wa chekechea hawaruhusiwi kuingia humo.

Mwanzoni waliruhusiwa. Maonyesho yalipofunguliwa, mtembezaji mmoja, kwa nia njema kabisa, aliwaambia watoto wa shule nyingine, "Nyamazeni, bibi amelala." Mvulana mmoja akasogea, akaanza kugonga kioo taratibu ili amwamshe. Aligonga, akasubiri, akagonga tena. Alipotambua kwamba bibi haamki, alipiga yowe lililowaliza watoto wote. Baadaye wazazi walilalamika kwamba watoto wanakataa kwenda kulala. Msimamizi wa maonyesho akaufunga mlango kwa wadogo.

"Mimi sikumlaumu," anasema mwalimu. "Ila niliona watoto wananyimwa kitu kikubwa kwa sababu ya neno letu sisi watu wazima."

Alimwendea msimamizi, akakataliwa. Akarudi, akakataliwa kwa upole zaidi. Safari ya tatu akapewa nafasi moja: alete darasa lake, na mtoto hata mmoja akitoka analia, mlango utabaki umefungwa kwa wadogo mpaka maonyesho yafungashwe.

Ana watoto thelathini na wanane katika chumba kimoja, na hana msaidizi. Misri hajawahi kufika. Alichonacho ni kijitabu cha makumbusho, ambacho amekisoma mpaka kurasa zimelegea.

"Nilipofika pale wanaposema maiti ilikaushwa kwa magadi, nikakiweka chini," anasimulia. "Magadi haya haya ya jikoni! Watu walimpenda mtu wao, wakahangaika naye zaidi ya miezi miwili, kipande kwa kipande cha kitambaa. Nikasema, hili watoto watalielewa kuliko sisi."

Na wanalielewa kwa namna yao. Siku alipowaeleza kwamba utumbo ulitolewa na kuwekwa kwenye mtungi, mmoja alitaka kujua kama na mavi yaliwekwa. Darasa likavunjika mbavu. Mwingine akauliza, "Na moyo?"

"Moyo waliuacha mahali pake."

Kicheko kikakatika. Bila kuambiwa, watoto wakaweka mikono vifuani, kila mmoja akausikiliza wake.

Jambo lililokaribia kuharibu kila kitu lilitoka nyumbani kwa mtoto mdogo kuliko wote darasani, ambaye wenzake wanamwita Kadogo. Baba yake ni fundi bomba. Alikuja shuleni asubuhi moja na suruali ya kazi, mkononi ana boksi la viatu.

"Mwalimu, mwanangu unamfundisha nini?" aliuliza, na hakuketi.

Ndani ya boksi mlikuwa na ndala mbili, kila moja Kadogo kaizungushia vitambaa kwa uangalifu mkubwa. Zilikuwa za mama mzazi wa fundi, aliyefariki miezi michache nyuma. Kadogo aliambiwa kwamba bibi amesafiri.

"Jana kaniuliza bibi alisafirije bila ndala," alisema fundi. "Anataka tumpelekee, kama wale watu wako wa Misri wanavyowawekea wafu vitu vyao. Nimekaa pale kitandani kama mtu aliyemwagiwa maji."

"Ukamjibu nini?"

"Nimjibu nini, mwalimu? Wewe ungemjibu nini?"

"Ningemwambia bibi amekufa, baba. Na kwamba tulimpenda, tukamzika vizuri."

Fundi alisema mwanawe hataenda makumbusho. Mwalimu hakumbishia. Alimwomba jambo moja tu: siku hiyo aje na mtoto wake, na akimwona anatetemeka, ambebe waondoke. Fundi alifunika boksi lake, akaondoka.

Siku ya siku alikuja, kavaa shati lililopigwa pasi, kamshika Kadogo mkono. Njiani mtoto alimwarifu mwalimu habari ambayo alishaijua kwa kumtazama baba mtu macho: "Bibi yangu amekufa. Baba kaniambia jana. Alilia."

"Na wewe?"

"Na mimi. Halafu tukala."

Mlangoni mwa chumba cha mwisho msimamizi alikuwa amesimama, mikono nyuma. Watoto wakaingia wakiwa wameshikana mashati, kama walivyozoea darasani mapazia yakiwa yamefungwa.

Bibi alikuwa mdogo kuliko walivyodhani. Vitambaa vyake vilikuwa na rangi ya chai, vimepishana kwa mistari iliyonyooka mno. Kwenye mguu mmoja kitambaa kilikuwa kimelika, na pale palionekana kidole gumba, cheusi, chenye ukucha. Watoto wakakodoa macho. Kidole hicho kiliwahi kukanyaga ardhi kabla ya watu wote wanaowajua, na kabla ya watu wote ambao watu hao waliwajua.

"Aliyemfunga hakuharakisha," alinong'ona yule mvulana aliyesubiri sana zamu yake ya umaiti.

Kadogo akauliza, "Huyu ni mkubwa kuliko bibi yangu?"

"Kuliko bibi yako, na bibi wa bibi yako, na bibi zake wote," alijibu mwalimu.

Mtoto akaachia mkono wa baba yake. Akasogea hadi pua yake ikakaribia kioo, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, bibi."

Na nyuma yake, mmoja baada ya mwingine, kisha wote pamoja, sauti zile ndogo zikasema shikamoo. Halafu zikanyamaza. Walikuwa wanangoja, kama mtoto yeyote aliyefunzwa adabu anavyongoja.

Wakati wote wa maandalizi mwalimu hakuwahi kufikiria salamu. Alimwona mtoto mmoja midomo ikianza kumcheza, akajua wamefika palepale alipofika mvulana wa kioo.

Kadogo ndiye aliyegeuka, akawaeleza wenzake kwa sauti ya kawaida. "Hajibu, kwa sababu amekufa. Lakini tumeshamsalimia."

Wakakubali. Wakasogea zaidi kutazama. Fundi alikuwa ameugeukia ukuta, na msimamizi akamsogezea kiti.

Hakuna mtoto aliyetoka analia. Wiki hiyo hiyo msimamizi aliufungua mlango kwa shule zote za chekechea zitakazojiandaa, akamwomba mwalimu azungumze na watembezaji wake. Fundi naye amempeleka mwanawe makaburini. Walikaa muda mrefu, anasema, na Kadogo ndiye aliyeongea zaidi.

Kabla maonyesho hayajaondoka, mwalimu anataka madarasa yote ya jirani yapite katika chumba kile. Lakini amepanga kuanza na wazazi, atakaowaketisha kwenye viti vidogo vya watoto wao.

"Baba Kadogo kasema atakuja azungumze nao," anasema. "Nikamuuliza, utawaambia nini? Akasema, nitawaambia nilichelewa kumwambia mwanangu, na nilipomwambia, yeye ndiye aliyenishika mkono."