Mkwe Aliyesimama Nje

Miezi minne baada ya harusi yetu, mume wangu alikuwa bado hajauona uso wa mama yangu kwa karibu. Watu wa kwingine watashangaa, lakini kwetu ndivyo ilivyo. Mwanaume akioa, haingii nyumbani kwa mama mkwe, hali mbele yake, wala hamtazami machoni, mpaka wanawake wa ukoo wamfungulie nyumba. Siku hiyo wanapika, wanamwita, wanamketisha mkekani pamoja na mke wake, wanafunua masufuria moja moja na kumwambia kwamba kuanzia leo hiki nacho ni chakula chako. Hapo anakuwa mtoto wa nyumba. Kabla ya hapo ni mtu wa nje, na anajua. Mchungaji wetu husema mila hizo zilikwisha msalabani. Tunamwitikia amina, kisha tunarudi nyumbani kuzifuata.

Mama alikaa Kikula, mtaa wa Likasi, peke yake, katika nyumba ambayo baba aliijenga kwa matofali aliyoyachoma mwenyewe. Sisi tulipanga vyumba viwili Shituru, katika nyumba kuukuu ya reli, mahali ambapo vumbi linaingia hata ukifunga madirisha yote. Nilikuwa bibi harusi mwenye bidii ya kuchekesha. Asubuhi nafuta meza, saa sita naifuta tena, jioni mume wangu anaweka kiwiko na kiwiko kinatoka na vumbi, tunacheka. Yeye ni fundi wa kuchomelea vyuma. Anatengeneza madirisha na milango. Hata mlango wa mama ni yeye aliyeutengeneza, wiki mbili baada ya harusi, maana ule wa mbao ulikuwa umeliwa na mchwa. Aliuchomelea kwenye karakana yake, akaupaka rangi ya kijani, kisha wenzake wakaenda kuufunga, kwa kuwa yeye asingeweza kusimama kwenye kizingiti kile.

Kila Jumapili baada ya ibada tulikwenda kumsalimu. Mimi niliingia, yeye aliketi nje kwenye kigoda, na mama aliongea naye akiwa nyuma ya pazia. Alimuuliza kama kile kikohozi cha moshi wa vyuma kimepungua. Yeye alimuuliza habari za miguu yake iliyokuwa ikivimba. Nilimpelekea bukari na sombe, ugali wetu na kisamvu, akageuza mgongo na kula akitazama ukuta wa jirani. Walipendana, naamini hivyo, kama watu wanaojuana kwa sauti tu. Mama aliniambia zaidi ya mara moja kwamba nimepata mtu mwenye heshima, na mimi nilivimba kichwa.

Jumapili moja ikanyesha mvua ya Januari, ile isiyomwachia mtu hata nafasi ya kukimbia. Mume wangu alijibana chini ya ncha ya bati, maji yakimpiga mabega. Mama akasema kutoka chumbani, "Umwambie aingie. Mutoto ya bantu atagonjwa."

Nilikataa. Mimi, si yeye, wala si shangazi yeyote. Nilimwambia mama kwamba majirani wanaona, kwamba watasema binti huyu hakufundwa, ameolewa juzi na tayari anamtumbukiza mwanaume kwa mama yake. Mama hakubishana. Nikamrushia mume wangu mfuko wa nailoni ajifunike kichwa, nikajiona mke hodari kweli kweli. Ningeweza kulikata neno hilo likabaki mdomoni, na leo ningekuwa na mama.

Sherehe ya kumfungulia nyumba niliiahirisha mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kitenge cha sare kwa wanawake wote, na rangi niliyoitaka ilikuwa imekwisha sokoni. Mara ya pili dada yangu mkubwa, aliyeolewa Kolwezi, alikuwa mjamzito mwezi wa mwisho, nami nikasema hatufanyi bila yeye. Mama alikuwa ameshafuga jogoo kwa ajili ya siku hiyo. Kila nikifika ananionyesha jogoo, ananiambia anazeeka. Nilidhani anamsema jogoo.

Dada akajifungua kwa upasuaji, mtoto wa kike, mzima. Nikasafiri kwenda kumsaidia, safari yangu ya kwanza nikiwa mke wa mtu. Nilivaa kitenge kipya ndani ya basi dogo, na malori ya madini yalinitimulia vumbi mpaka nikafika nimekuwa wa kahawia kutoka nyusi hadi viatu. Siku tatu nilimkanda dada kwa maji ya moto, nilifua nepi, nilimpigia mama kila jioni kumweleza mtoto amefanana na nani. Alisema pua ni ya baba. Aliomba nimwambie dada asinyanyue ndoo.

Siku ya nne simu yake haikupatikana. Sikushtuka, maana umeme Kikula ukikatika, simu za mtaa mzima zinazima. Lakini nilimwomba mume wangu apitie pale akitoka kazini, ampelekee unga na samaki wakavu, amjulie hali. Saa kumi na moja akanipigia. "Mama iko muzuri," alisema. "Redio inaimba." Nikamshukuru, nikarudi kwenye nepi zangu.

Haya mengine nimeyapata kwa mume wangu na kwa jirani wa mama, na nimeyauliza mara nyingi mpaka wamechoka nami. Alifika, akasimama hatua tatu kutoka mlangoni, akabisha hodi. Ndani redio ya betri ilikuwa inapiga nyimbo za kanisa. Akabisha tena, na tena. Mlango haukuwa umefungwa kwa ufunguo. Alijua, yeye ndiye aliyetengeneza kitasa chake, na aliona kimelegea. Akajiambia mama amelala, au anasali. Akaweka mfuko kizingitini, akaondoka. Mama alikuwa sakafuni upande wa pili wa pazia, presha imempiga, nusu ya mwili imekufa na ulimi hausogei. Alikuwa anamsikia, nina hakika. Sauti ile aliijua kuliko nyingine zote.

Kesho yake asubuhi akapitia tena kabla ya kazi, akaukuta mfuko palepale na redio imenyamaza. Hapo akaelewa kuna jambo. Na hata hapo hakuingia. Alikimbilia nyumba ya jirani kutafuta mwanamke wa kuingia badala yake, akakuta jirani yuko sokoni. Akamfuata sokoni Kikula, akamtafuta kati ya meza za nyanya na mafungu ya makaa, akamkosa, akarudi, akamkuta njiani. Jirani anasema ilikuwa yapata saa nne walipofika.

Jirani akaingia akapiga kelele, kisha akamwita aje kumbeba. Mume wangu akafika kizingitini, macho chini. Na mama, ambaye alibakiwa na mkono mmoja tu unaomtii, alivuta kitenge akajifunika uso. Jirani aliniambia hayo akilia. Mama hakuweza kusema neno, hakuweza kumeza mate, lakini heshima ya mkwe wake aliikumbuka. Ndipo mume wangu akaingia, akamnyanyua akiwa amefunikwa hivyo, akambeba mpaka barabarani kwenye teksi. Nami nilifundwa na mama huyo huyo, kwa hiyo najua maneno yangu ya siku ile ya mvua yalitoka wapi.

Hospitalini daktari alisema kwamba wangemleta jana yake pengine wangefanya kitu. Alisema pengine. Nimelishika neno hilo pande zote, halina mahali laini.

Nilipopata habari nilipanda gari la kwanza. Lori lilikuwa limeharibika katikati ya barabara, tukakaa juani saa mbili huku dereva na makondakta wakijadili namna ya kulipita. Nilifika Likasi mama ameshakufa, saa moja tu kabla yangu. Jogoo alikuwa uani akiwika.

Kwenye kilio likazuka suala la mkwe. Mkwe ambaye hajafunguliwa nyumba hawezi kuingia ilipo maiti, wala kubeba jeneza. Mama mdogo wangu akasema yafanyike palepale. Jogoo akachinjwa. Wakatandika mkeka pembeni ya jeneza, wakatuketisha mimi na mume wangu, wakafunua masufuria moja moja. Kisha mama mdogo akaufungua uso wa mama na kumwambia mume wangu, "Mama yako njo huyu. Umuangalie." Akamwangalia. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona kwa karibu. Alimega tonge, akaliweka mdomoni, akakaa nalo muda mrefu, machozi yakimdondokea mkononi. Hakuna aliyevaa kitenge cha sare.

Nilimuuliza mara moja tu kwa nini hakuingia. Tulikuwa tumerudi Shituru, mchana, naifuta ile meza. Alisema, "Miye niliogopa kukuletea aibu. Weye njo ulisema majirani banaona." Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayerudisha kitu alichoazimwa.

Sasa nina mimba ya miezi mitano. Dada anapiga simu, anasema atakuja kunikanda kama nilivyomkanda, anasema nisinyanyue ndoo. Namwambia sawa. Simwambii kwamba sifurahi, kwamba kila kitu naona kimekuja kwa kuchelewa na hakuna aliyekiomba.

Mume wangu tangu kilio amekuwa anabisha hodi nyumbani kwetu wenyewe. Akitoka kazini anasimama nje, anasema hodi, anangoja nimkaribishe ndipo aingie. Mwanzoni nilidhani ni huzuni, itapita. Haikupita. Wiki iliyopita, saa kumi jioni, nilimsikia anafika nikiwa nimelala chini kwenye saruji kwa sababu ya joto. Mlango ulikuwa wazi nusu. Akabisha hodi. Nikanyamaza. Nilitaka kujua, kwa ajili yangu na kwa ajili ya huyu niliye naye tumboni. Akabisha ya pili. Akabisha ya tatu, akaniita kwa jina. Niliviona viatu vyake chini ya pazia, vina vumbi la vyuma, hatua moja kutoka kwangu.

Kisha viatu vikageuka, nikamsikia anakimbia kwa jirani kumtafuta mwanamke.