Bendera Nyekundu ya Mogitu

Sheria za mbio za pikipiki nilifundishwa na mume wangu kwa maharage. Ndiyo, maharage, tena yale niliyokuwa nayachambua nipike. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, nami ni bibi harusi mpya Mbulu. Kwetu ni Katesh, mtoto wa dukani, nimezoea watu wa kuingia na kutoka. Mbulu nilikuta baridi na lugha nisiyoijua. Majirani wakishanisalimia basi, wanageukiana na kuendelea na Kiiraqw chao. Nilikuwa mpweke, sioni haya kusema.

Mume wangu alikuwa fundi gereji. Tajiri yake, Mhindi mmoja, alikuwa na pikipiki ya mashindano, lakini mpanda wake alikuwa amevunjika mguu. Wazungu wa mashamba walikuwa wanaandaa mbio kwenye uwanda wa Mogitu. Tajiri akamwambia mume wangu: shinda, nikupeleke Nairobi ukaendeshe kwa mshahara, wewe na mkeo, na nyumba nitawapa. Jamani, nililishika neno lile! Nikaanza kugawa vyungu kabla mbio hazijakimbiwa.

Basi akayapanga maharage kwenye ungo kwa duara. "Huyu wa mbele ndiye mimi," akasema. "Ikitokea hatari wanapunga bendera nyekundu. Ukiiona, inua mkono, punguza mwendo, usimpite mtu. Mnarudi mstarini, mnaanza upya kwa nafasi mlizokuwa nazo mzunguko uliokwisha."

"Na kama ulikuwa umewaacha mbali?"

"Yamekwisha hayo. Wanapangwa nyuma yako, wanakupumulia kisogoni."

"Uonevu huo!"

Akacheka. Akachukua harage moja akalitupa nje ya ungo. "Na huyu, kama bendera ilipopandishwa hakuwa anakimbia, kwake mbio zimekwisha. Hata akitengeneza chombo chake, harudi mstarini."

Siku yenyewe nilisimama peke yangu kando ya kamba, vumbi mpaka kwenye kope. Akatangulia. Loo, alivyotangulia! Mara ng'ombe wakaingia njiani, mpanda mmoja akaanguka, bendera ikapungwa. Wote wakainua mikono na kurudi mstarini, na ule umbali wote alioupigania mume wangu ukapotea hivi hivi.

Wakati ng'ombe wanaondolewa, Mzungu mmoja ambaye mnyororo wake ulikuwa umekatika mapema akaja anasukuma pikipiki, ameshauunga. Waamuzi wakamkatalia. Akabishana, akatupa glavu chini, mkewe akamvuta mkono. Mume wangu akanitazama kutoka mstarini, akafanya kwa vidole kama anatupa harage. Nikacheka mpaka watu wakageuka. Hatukucheka tena pamoja namna ile.

Wakaanza upya, naye akawa mbele tena. Kwenye kona ya mbali, upande wa Dirma, alisimama mchungaji aliyeambiwa awazuie ng'ombe wake. Mzunguko wa mwisho ndama akachomoka. Mchungaji akavua shuka lake jekundu akalipunga kumrudisha. Mume wangu akaona nyekundu. Akainua mkono, akapunguza, akasimama kabisa.

"Si bendera hiyo!" nilipiga kelele. "Twende, mwanamume! Twende!" Nani angenisikia na injini zile? Wenzake wakampita mmoja baada ya mwingine.

Waamuzi walisema bendera ni ile iliyo mkononi mwa mtu wao, si nguo ya mpita njia. "Nyekundu ni nyekundu, bwana," mume wangu akawajibu. Mchungaji naye akaja, shuka limerudi begani, anauliza kama ndama wake ameumiza mtu. Nilitaka kumchukia, nikamwamkia tu shikamoo, maana alikuwa mtu mzima.

Nairobi alienda, ila kama kibarua wa kuosha injini, kulala stoo. Mke hana nafasi stoo. "Nikishasimama vizuri nitakuita," aliniambia nikimfungia mzigo. Mwanzo salamu zilikuja kwa madereva wa malori. Baadaye madereva wakawa wananikwepa macho.

Nikashona nguo barazani. Kiiraqw nilijifunza kwa upweke, mpaka ugomvi wangu nikawa naugombea kwa Kiiraqw. Pikipiki ikipanda mlima, mguu wangu unaacha cherehani wenyewe. Nilijichukia kwa hilo, lakini uliacha.

Alirudi nywele zangu zimeanza mvi. Nilikuwa nimeshasikia kwamba kule alioa, akajenga maisha mengine, nayo yakavunjika. Alisimama mlangoni na kofia mkononi, amekonda.

"Mke wangu," akasema, "sisi tulisimamishwa tu. Tuanze upya."

Moyo ulitaka. Sidanganyi, ulitaka mpaka nikashika meza. Sufuria ya chai ilikuwa jikoni, nilikuwa nimeongeza maji nilipoisikia sauti yake uani.

"Bendera ilipopandishwa," nikamuuliza, "wewe ulikuwa unakimbia?"

Sheria aliijua, yeye ndiye aliyenifundisha. Akavaa kofia, akateremka mlima kwa miguu, nami nikamtazama mpaka njia ilipopinda.

Chai ilikuwa ya watu wawili. Nikaketi, nikainywa yote.