Mistari kumi na tisa mitupu

Saa mbili asubuhi, mchora mabango yuko juu ya ngazi, ulimi umetokeza pembeni mwa mdomo kama mtoto anayejifunza kuandika. Mbele yake ni ukuta wa ofisi ya zamani ya wilaya. Jumamosi wilaya inatimiza miaka hamsini, na hapa yatazinduliwa majina arobaini na mawili ya watu waliojenga daraja la kwanza.

Ameshaandika ishirini na matatu, kwa herufi nyeusi, nene, zisizo na haraka. Mistari kumi na tisa ameiruka.

"Mmoja wameniambia niandike jina la baba," anasema akishuka. "Baba, Mungu amrehemu, alikuwa fundi cherehani. Hakubeba hata jiwe la kusugulia miguu."

Aliyebeba ni mama. Enzi hizo karani wa mahudhurio aliandikisha kila mwanamke kwa jina la mumewe, na kamati ya sherehe imenakili daftari lile kama lilivyo. Waume kumi na tisa wamepewa sifa ya kazi wasiyoifanya.

Mama ana miaka themanini na mmoja na anaishi kwa mwanawe huyu, nyuma ya soko. Utosini ana kiraka kisichoota nywele, mahali lilipokaa karai la mawe.

"Karai kichwani, huyu mgongoni," anasema akimkata jicho mwanawe, ambaye sasa ana miaka hamsini na mmoja na kitambi chake. "Mzito huyo! Afadhali mawe, hayalii."

Mwanzoni alimkataza kugombana na wakubwa. "Mwanangu, achana nao. Daraja si ninalivuka? Yatosha."

Lakini haikumtosha, na mwanawe aliliona hilo usoni mwake. Mwenyekiti wa kamati alipodai ushahidi, Jumatatu alimpeleka mama mwenyewe. Bibi huyo alikaa kitini, akafumba macho, akawataja wenzake mmoja mmoja, kwa mpangilio ule ule waliokuwa wakipanda nao kutoka mtoni.

Katibu, mwanamke wa makamo, alikuwa akiandika. Kwenye jina la kumi na moja kalamu yake ilisimama.

"Huyo ni bibi yangu, mzaa mama," alisema. "Hakuna aliyewahi kuniambia."

Kati ya wanawake hao, waliobaki hai ni watatu tu. Kamati itatoa uamuzi Alhamisi asubuhi, na mchoraji tayari amekoroga rangi na kuifunika kwa karatasi ya nailoni.

Mama yake hakusoma. Mwanawe anataka amshike mkono, akipitishe kidole chake juu ya jina lake, herufi kwa herufi.

"Rangi hii inachukua siku mbili kukauka," anasema akiitazama mistari mitupu. "Wakikubali Alhamisi, Jumamosi mama ataligusa."