Kijana Aliyekataa Mkono Wangu Nairobi

Atukuzwe Mungu, aliyenitunza katika safari za sokoni na kanisani, na ambaye katika uzee wangu alinifikisha hata Nairobi na kunirudisha nyumbani Ndalu nikiwa mzima. Yeye ndiye ajuaye moyo wa mtu. Sisi wengine hukisia tu, na siku zile nilikisia sana.

Kitinda mimba wangu anafanya kazi Nairobi. Mwaka jana, mahindi yakiwa yameshaingia ghalani, alinipigia simu akasema nije nipumzike: tutaenda makumbusho, tutakula vyakula vya watu mbalimbali, tutapanda vilima vya Ngong. Nilimshukuru, kisha nikabaki na simu mkononi nikiwaza. Watoto wangu huniita kunapokuwa na mtoto mchanga au mgonjwa. Kuniita nipande kilima tu, hapana. Mzee wangu alisema huenda binti amekua na kumkumbuka mama yake. Nikamwambia ningependa iwe hivyo, nikaenda Kitale kupanda basi.

Niliposhuka Nairobi, binti alikuwa amesimama na kijana mrefu kando ya gari dogo. Ati ni mwenzake wa kazini, amejitolea kuwa dereva wetu na kututembeza. Nilimnyooshea mkono. Kijana akainamisha kichwa, akaweka mikono yake nyuma, akahamia upande wa pili wa gari.

"Pole na safari, mama."

Nikaurudisha mkono wangu polepole. Kwetu Bungoma, mwanamume anayemtaka binti yako hakushiki mkono, wala wewe huli chakula chake, mpaka wazee wake waje nyumbani wazungumze na wenu. Ukila mapema, umeshakubali, na baba wa msichana ameachwa nje ya jambo la nyumba yake. Lakini Nairobi ina watu wa kila aina. Pengine kijana alikuwa na mikono michafu. Nikaamua kungoja. Nimefundisha darasa la ubatizo miaka mingi. Kungoja jibu hakunisumbui.

Makumbusho kulikuwa na ngoma, vyungu, na kibuyu cha maziwa kama kile cha mama yangu, kimewekwa ndani ya kioo. Nilifurahi kukiona, ila jicho langu moja lilikuwa kwa kijana. Nikisogea kwenye ngoma, yeye alihamia kwenye ndege waliokaushwa. Nilimuuliza kwa mbali kwao ni wapi. Akajibu kwamba ni Lugulu, karibu na hospitali ya misheni. Basi ni wetu wa Bungoma, nikasema moyoni. Na mikono yake nilikuwa nimeshaiona, ilikuwa safi.

Mchana tukaingia hoteli ya pilau. Kijana akakaa meza nyingine akitupa mgongo, ati anapenda kukaa dirishani. Sahani zilipofika nikamuuliza binti nani analipa.

"Imelipwa tu, Mama. Kula."

"Nimefunga."

"Si ulikula mandazi asubuhi?"

"Mfungo umeanza saa hii."

Hakuna anayebishana na mfungo wangu. Nikainamisha kichwa, nikamwomba Bwana aupokee, kwa kuwa nilikuwa nimeutangaza kabla ya kumwambia. Harufu ya ile pilau naikumbuka mpaka leo.

Nyumbani kwa binti nilitafuta viatu vya kiume chini ya kitanda nikijifanya nafagia. Havikuwapo. Lakini viatu huhamishwa.

Kesho yake nilikunywa chai niliyojipikia, tukaenda Ngong. Upepo wa kule unamsukuma mtu kama ng'ombe mkaidi, lakini nilipanda vizuri; miguu yangu imezoea shamba la mteremko. Mvua ilikuwa imenyesha. Binti akiwa mbele anapiga picha, niliteleza nikaketi kwenye matope, nimeshikilia nyasi. Kijana ndiye aliyekuwa karibu. Akanyoosha mkono, akaurudisha upesi kama aliyegusa sufuria ya moto. Akatazama huku na huku akitafuta fimbo. Kilima kile ni nyasi tupu. Mwisho akavua sweta, akaisokota kama kamba, akanitupia ncha moja. Nikaishika. Akanivuta juu huku uso wake ameuelekeza bondeni.

"Kijana," nikasema nilipopata pumzi, "dereva angenishika mkono tu."

Akaanza kuikunjua sweta yake. Binti ndiye aliyeshuka mbio.

"Mama, tulitaka umwone kwanza kama mtu. Baba akianza maswali yake, nani hupona?"

"Mnaishi pamoja?"

"Hapana, Mama. Haki ya Mungu."

"Usimtaje Mungu. Niangalie."

Akaniangalia. Bado sikuamini yote. Ila niliwaza kwamba kama kijana angetaka kunidanganya, angenishika mkono siku ile niliposhuka basi, na kwangu angebaki dereva. Heshima yake ndiyo iliyomfichua.

Kileleni akatandika shuka, akatoa kuku na chapati, kisha akarudi nyuma na kusimama mbali. Njaa ilikuwa inaniuma kweli. Binti alikuwa akiutazama mkono wangu, nami nilijua anangoja nini: tonge moja tu, na posa ingekuwa imepita bila baba yake.

"Funika," nikamwambia. Kisha nikamsemesha kijana huku nikitazama mitambo ya umeme wa upepo iliyosimama kule juu: "Chakula chako nitakula wazee wako wakishakaa kwetu Ndalu. Si leo."

"Asante, mama," akaziambia nyasi.

Binti alilia kidogo, halafu akacheka, ati mama yake ni mgumu kuliko mahindi ya mbegu. Tuliposhuka nilijinunulia hindi la kuchoma langoni, nikampigia mzee wangu, nikamweleza yote.

"Ulikula?" akauliza.

"Sijala."

"Basi waje."

Nawe unayesoma, Mungu akupe macho ya kuwaona wanao vizuri, subira ya kungoja ukweli utoke wenyewe, na meza utakayoketi bila wasiwasi wowote. Amina.